Mmea mchungu wa jirani: malengelenge ya mtoto, kahawa ya mjamzito na jina lenye majuto

Swali: Daktari, habari za kazi. Mimi ni mama wa watoto wawili, naishi Nairobi. Jirani yetu Mwethiopia alinipa kitawi cha mmea anaouita tena adam, nikakipanda nyuma ya nyumba. Sasa ni kichaka kinachonifika kiunoni. Yeye hukitia kwenye kahawa. Wiki iliyopita mwanangu wa miaka saba alivunjavunja matawi yake asubuhi akicheza duka, akaendelea kucheza nje hadi mchana. Siku ya pili yake migongo ya mikono ikatoka malengelenge kama mtu aliyeungua. Watu wanasema ni Nairobi fly. Wifi yangu ana mimba ya miezi mitatu na anaipenda sana hiyo kahawa. Binti yangu wa sekondari naye kamwambia mama mkwe kuwa jina la mmea huu kwa Kiingereza maana yake ni majuto, na mama mkwe anataka ung'olewe kwa sababu ni nuksi. Kanisani nimeambiwa unatibu sukari. Niung'oe au niuache?

Jibu: Mama, sukari na nuksi zitangoja. Wifi yako na mwanao hawawezi kungoja. Wifi aache kahawa yenye majani hayo kuanzia leo, na sababu nitaieleza kirefu hapa chini. Mwanao, kama malengelenge ni makubwa, yamepasuka, yananuka au yanatoa usaha, au kama mtoto ana homa au alijifikicha macho kwa mikono ile, apelekwe hospitali leo hii. Chukua kitawi cha mmea, kifunge kwenye mfuko wa plastiki, umwonyeshe daktari.

Kwa ulivyoeleza, hiyo si kazi ya Nairobi fly. Mdudu yule mwenye pete nyekundu na nyeusi huacha alama pale alipopondwa, mara nyingi shingoni, usoni au mkononi, na alama hukaa kama mstari kwa kuwa mtu humpangusa bila kujua, hasa usiku taa zikiwa zimewashwa. Mwanao kaumia mahali hasa palipogusana na majani mabichi, naye alishinda juani. Mambo hayo mawili yakikutana, majani mabichi na jua, jibu linakuwa wazi.

Mmea wako ni ruta, kwa Kiingereza rue. Utomvu wake una kemikali zinazoitwa furanokumarini, na maarufu kati yake ni soraleni na ndugu zake. Zikiwa peke yake juu ya ngozi, kwenye giza, hazifanyi jambo lolote la maana. Lakini jua lina mionzi ya urujuanimno, na ile aina ya A hupenya mawingu na hata kioo cha dirisha. Mionzi hiyo ikizikuta kemikali zimeshaingia ndani ya seli za ngozi, huziamsha. Soraleni hujipachika katikati ya nyuzi mbili za DNA na kuzifunga pamoja, seli ikashindwa kujigawa, ikafa. Ngozi huvimba, hujaa maji, na kinachoonekana ni jeraha lisilo na tofauti na la moto. Nairobi iko karibu na ikweta, tena juu ya mita 1,600 kutoka usawa wa bahari, kwa hiyo jua la mchana hapo lina urujuanimno mkali kuliko watu wanavyodhani, kwa vile hewa yake ni baridi.

Huu si mzio. Mzio huchagua mtu, huyu anapatwa na yule hapatwi. Ruta haichagui. Yeyote atakayepakwa utomvu wa kutosha akapigwa na jua la kutosha ataungua, na ngozi iliyolowa jasho hunyonya zaidi. Kwa hiyo usimwambie mtoto kwamba ana ngozi dhaifu.

Kinachowapoteza wazazi ni ule ucheleweshaji. Asubuhi mtoto anacheza, jioni anaoga, analala hana neno. Wekundu huanza baada ya saa 24 hivi, malengelenge hukomaa siku ya pili au ya tatu, na kufikia hapo majani yamekwisha kusahaulika. Ndimu hufanya jambo lilelile, maana ni ya ukoo mmoja na ruta. Anayekamua ndimu nyingi juani kisha asinawe hupata madoa ya aina hii, na mara nyingi hufuata mkondo wa maji yalivyochuruzika mkononi. Imewahi kutokea nchi za nje madaktari wakadhani mtoto amechomwa na wazazi kwa makusudi, kumbe ni ndimu. Ndiyo sababu nimekuambia uende na kitawi mkononi.

Matunzo yenyewe si magumu. Sasa hivi utomvu umekwisha kutoka, lakini kama angeguswa leo ningesema aoshwe kwa sabuni na maji mengi papo hapo, kisha akae mbali na jua kwa siku mbili kamili. Kwa hali aliyo nayo, tumia kitambaa safi kilicholowekwa maji baridi, dakika kumi au kumi na tano, mara kadhaa kwa siku. Usitoboe malengelenge, ile ngozi ya juu ndiyo bandeji bora kuliko zote. Usipake dawa ya meno, mafuta ya kupikia wala majivu. Akiwa na maumivu, dawa ya kawaida ya watoto ya kutuliza maumivu inatosha, kwa kipimo cha uzito wake. Krimu ya haidrokotisoni uipake pale tu ngozi isipopasuka, na kwa maelekezo ya daktari au mfamasia. Avae mikono mirefu kila anapotoka.

Jambo moja ujiandae nalo mapema: malengelenge yakikauka, mahali pale patabaki pameiva, rangi nyeusi au kahawia iliyokolea kuliko ngozi yake. Kwa ngozi zetu, weusi huo hukaa wiki nyingi, wakati mwingine miezi. Hutoweka wenyewe. Nakusihi usiende dukani kutafuta krimu ya kung'arisha ngozi kwa ajili hiyo. Nyingi zina zebaki au steroidi kali, na hizo zitamwachia madhara makubwa kuliko doa.

Niseme pia na wenye mbalanga, kwa sababu najua habari ya soraleni ikisomwa nusu huzaa balaa. Ni kweli kwamba dawa ya jamii hii hutumika hospitalini kurudisha rangi kwenye mabaka meupe. Miaka ya 1940 jijini Cairo madaktari walianza kuwatibu wagonjwa kwa kemikali iliyotolewa kwenye mmea mwingine wa Misri, Ammi majus, wakifuatisha na jua, na tiba hiyo ikaenea duniani. Lakini pale kipimo cha dawa kinajulikana kwa miligramu na mwanga hupimwa kwa mashine. Anayejisugua majani ya ruta kisha akajianika hajui kapaka kiasi gani, na atakachopata ni kuungua, na kuungua kwenyewe kunaweza kuchochea mbalanga mpya.

Sasa tuhakikishe tunazungumzia mmea mmoja. Vunja jani, kwa kutumia mfuko wa plastiki kama glavu, ulinyanyue mbele ya mwanga. Utaona vitone vidogo vinavyopitisha nuru, kama jani limechomwachomwa kwa ncha ya sindano. Hivyo ni vifuko vya mafuta, na jani la mlimau linavyo pia. Majani yenyewe ni madogo, mviringo, rangi ya kijani iliyochanganyika na buluu na unga mweupe kidogo. Harufu ni nzito, huwezi kuikosea ukishaizoea. Maua ni ya njano, mengi yana petali nne, ila lile la katikati ya kishada huwa na petali tano. Ukitazama kwa makini kingo za petali zikiwa na nyuzinyuzi kama tamvua, basi ni Ruta chalepensis, ambayo ndiyo tena adam ya Waethiopia, na neno chalepensis latokana na mji wa Halab, Syria. Zikiwa na meno mafupi tu bila nyuzi, ni Ruta graveolens, iliyozoeleka bustani za Ulaya. Kwa habari ya ngozi na mimba, zote mbili zihesabu sawa.

Turudi kwa wifi. Ethiopia mmea huu umeheshimiwa sana, na jina tena adam lenyewe ni afya ya Adamu. Kitawi chenye urefu wa kidole huchovywa kwenye kikombe cha buna, yaani kahawa yao, kikatoa harufu yake, kikaondolewa. Matunda yake makavu huingia kwenye berbere, unga wao wa viungo, pamoja na pilipili na viungo vingine. Majani machache hukatwa ndani ya ayib, ile jibini yao nyeupe. Kwa mtu mzima mwenye afya, asiye na mimba, kitawi hicho kwenye kikombe sina ugomvi nacho. Watu wamekinywa vizazi na vizazi, na kiasi kinachoingia mwilini ni kidogo. Jirani yako hakukupa sumu, na ningependa jambo hili lisivunje ujirani wenu.

Lakini ruta ni mmoja wa mimea ya kale kabisa inayojulikana kwa kuharibu mimba. Soranus wa Efeso, tabibu wa wanawake aliyefanya kazi Roma karne ya 2, aliiandika miongoni mwa vitu vya kutolea mimba, na wanawake wa Ulaya na Amerika Kusini wameitumia hivyo hadi zama zetu. Inachochea mji wa mimba kukaza. Tatizo si mimba peke yake. Kiasi kinachoweza kutoa mimba kiko karibu sana na kiasi kinachoweza kumuua mama. Mwaka 2003 madaktari wa kituo cha sumu cha Montevideo, Uruguay, walichapisha kumbukumbu zao za wanawake waliokunywa majani ya dawa ili kutoa mimba, na ruta ilikuwamo, na wamo walioharibikiwa na viungo kadhaa kwa pamoja na waliofariki. Dalili za kunywa nyingi ni tumbo kukata vibaya, kutapika, kutokwa damu, mkojo kupungua, macho kuwa ya manjano. Mtu akizionyesha apelekwe hospitali mbio, na daktari asifichwe mgonjwa alikunywa nini, kwa sababu hawezi kuipata ruta kwa kubahatisha.

Hakuna mtu aliyepima akasema kitawi kimoja ni salama kwa mimba ya miezi mitatu. Mimi sitampa wifi yako ruhusa ambayo hakuna anayeweza kuitetea. Asinywe kahawa hiyo mpaka ajifungue na amalize kunyonyesha, na berbere yenyewe aile kidogo tu. Kama ameshakunywa mara kadhaa na hana maumivu wala damu, asitishike. Aendelee na kliniki yake na amweleze mkunga. Kahawa tupu pia aipunguze, kikombe kimoja kwa siku si vibaya. Na watoto wachanga wasinyweshwe maji ya ruta kwa ajili ya msokoto wa tumbo, hata kama bibi wa jirani amelea wajukuu kumi kwa njia hiyo. Wengine ambao ningewazuia ni wenye ugonjwa wa figo au ini, na wanaotumia dawa zinazofanya ngozi ishindwe kuvumilia jua, kama doksisaiklini.

Habari ya sukari ina chanzo chake, na ninakifahamu. Kuna mmea mwingine ambao kwa Kiingereza unaitwa goat's rue, ruta ya mbuzi, jina la kitaalamu Galega officinalis. Huo ni wa jamii ya kunde, hauna udugu wowote na ruta yako. Ulitumika Ulaya zamani kwa watu waliokuwa wakikojoa sana na kuona kiu. Ndani yake kulipatikana kemikali iitwayo galegini inayoshusha sukari, ila yenyewe ina sumu. Wanakemia wakatengeneza ndugu zake zilizo salama zaidi, na mwaka 1957 daktari Mfaransa Jean Sterne akatangaza matokeo ya kuwatibu wagonjwa kwa mojawapo. Hiyo ndiyo metformini, kidonge ambacho kila mwenye kisukari hapa kwetu anakijua. Mtu akisoma habari hii harakaharaka, akaona neno rue, anakuja kuwaambia waumini wachume ruta ya nyuma ya nyumba. Aliyekuambia hana nia mbaya, lakini mwambie wazi. Mgonjwa wa sukari akiacha vidonge vyake kwa ajili ya majani haya atapoteza macho au mguu, na ruta haitakuwa imemsaidia hata kidogo.

Kuna mchanganyo mwingine wa namna hiyo: mbegu za harmal, ambazo Waajemi huzichoma kama ubani na kuziita esfand, huuzwa kwa jina la ruta ya Syria. Nazo ni za mmea mwingine kabisa, na zina sumu ya aina yake.

Nuksi sasa. Mwambie mama mkwe, kwa heshima zote, kwamba binti yako kasema kweli lakini kweli yenyewe ni ya Waingereza tu. Jina la mmea walilipata kwa Kifaransa, nacho kililitoa kwenye Kilatini ruta. Neno lao la majuto limetoka kwenye Kiingereza chao cha kale. Maneno mawili yasiyo ya ukoo mmoja yakaja kufanana sauti, na washairi wakayaoanisha. Shakespeare ndiye aliyelikaza fundo hilo: katika tamthilia yake ya Hamlet, msichana Ofelia akiwa ameshapotewa na akili anagawa maua na majani, na ruta anaitoa huku akibakiza nyingine kwa ajili yake mwenyewe. Humo humo anaiita pia jani la neema, kwa sababu anayejuta dhambi yake ameanza kuipata neema. Nadhani binti yako yuko kwenye somo hilo hasa, na anastahili pongezi kwa kulileta nyumbani.

Tukitoka Uingereza, mambo yanageuka. Kwa Walithuania ruta ni ua la taifa, na bibi harusi alivikwa shada lake kichwani kuonyesha ubikira wake. Naples, Italia, walifua hirizi za fedha zenye umbo la tawi la ruta wakawavalisha watoto kuwakinga na jicho baya. Brazili mtu huchomeka kijitawi nyuma ya sikio kwa sababu hiyohiyo, na mchoraji Mfaransa Jean-Baptiste Debret, aliyeishi Rio de Janeiro mwanzoni mwa karne ya 19, aliwachora wanawake wa Kiafrika waliokuwa watumwa wakiiuza barabarani, na wenzao wakiinunua kujikinga na balaa. Hata London, mahakama ya Old Bailey iliwekewa ruta mbele ya majaji kuzuia homa ya gerezani, ambayo mwaka 1750 iliua hadi meya wa jiji. Homa ile ililetwa na chawa, na ruta haikuweza kuizuia, ila unaona watu waliona mmea huu uko upande gani. Sisemi unafukuza husuda. Nasema kwamba watu waliokaa nao muda mrefu hawakuuogopa kama nuksi hata siku moja.

Na kama mama mkwe ni msomaji wa Biblia, mwonyeshe Luka 11:42, pale Yesu anapowakemea Mafarisayo kwa kutoa zaka za mnanaa na mboga nyingine ndogondogo huku wakiacha haki. Kwenye Kigiriki jina la pili pale ni peganon, yaani ruta. Tafsiri yetu ya Kiswahili ya Union imeweka mchicha, na siwalaumu watafsiri, maana msomaji wa Mombasa au Tanga angeijulia wapi ruta? Atakapojua kuwa jani hili lilijulikana hata enzi za Yesu, pengine moyo utatulia.

Jibu la swali lako kuu basi: mimi nisingeung'oa, lakini nisingeuacha hapo ulipo. Kichaka cha kiunoni mahali watoto wanapocheza ni hatari, hasa kwa mtoto ambaye mmea unamfika usoni. Uhamishe au, ambalo ni rahisi zaidi, chukua vipandikizi vya urefu wa kiganja kutoka matawi yasiyo na maua, uondoe majani ya chini, uvisimike kwenye mchanga wenye unyevu mahali penye kivuli. Vikishika mizizi vipande kwenye chungu kikubwa, ukiweke juu ya ukuta au nyuma ya wavu, kisha kichaka mama ukikate.

Kazi yote hiyo ifanye jioni jua likishazama. Vaa glavu za mpira na nguo ya mikono mirefu, nguo uifue peke yake, na mkasi uuoshe kwa sabuni kabla mtu mwingine hajaushika. Matawi uliyokata usiwatupie mbuzi wala sungura, wala usiyachome watoto wakiwa karibu. Yafukie.

Ruta hupenda jua kali na udongo unaopitisha maji. Ule udongo mweusi wa Nairobi unaoshika maji mvua ikinyesha utaozesha mizizi, kwa hiyo changanya mchanga na kokoto ndogo, theluthi moja ya chungu au zaidi. Mwagilia pale tu udongo unapokauka kabisa juu. Mbolea usijisumbue nayo. Ukiona paka wameacha kulala hapo karibu, ni harufu, haiwadhuru. Na kama una mlimau uani, siku moja unaweza kuwakuta viwavi wa kijani wanaotoa pembe za rangi ya chungwa ukiwagusa, wamehamia kwenye ruta. Ni watoto wa yule kipepeo mkubwa mweusi mwenye madoa ya njano. Usiwapulizie dawa, maana majani hayo jirani yako atayataka kwa kahawa yake. Wahamishie mlimau, jioni, ukiwa na glavu.